Mkataba Ulioiga Mwamba

Jinja, Uganda, pale Mto Nile unapotoka Ziwa Viktoria, maji hupimwa kwa ubao wenye alama za sentimita, kama rula ya mwanafunzi. Maji huupanda na kuushuka polepole mno. Ukikaa ufukweni kutwa nzima hutaona tofauti. Lakini ziwa lina ukubwa wa kilomita za mraba 68,800 hivi, kwa hiyo sentimita moja tu ya ubao ule ni karibu mita za ujazo milioni 700 za maji.

Zamani hakuna binadamu aliyeamua maji kiasi gani yatoke. Aliyeamua ni mwamba. Mdomo wa ziwa ulizibwa nusu na kizingiti cha mawe kwenye maporomoko ya Ripon: ziwa likijaa, maji yaliruka kwa wingi, likipungua, yalipita machache. Ziwa lilijirekebisha lenyewe.

Waingereza walipotaka kujenga bwawa la umeme la Owen Falls, ambalo leo linaitwa Nalubaale, iliwabidi waongee na Misri kwanza. Chini ya makubaliano ya 1929, Uingereza ilikuwa imeahidi kwamba katika nchi ilizozitawala hakutajengwa kitu kwenye Nile, matawi yake wala maziwa yake ambacho kingepunguza maji ya Misri bila idhini yake. Wahandisi wakapata njia. Walipima jinsi maji yalivyokuwa yakipita juu ya mwamba, wakachora mstari kwenye karatasi: usawa wa ziwa ukiwa hapa, maji yatakayofunguliwa ni haya. Mhandisi wa Misri akawekwa Jinja kushuhudia. Bwawa likazinduliwa 1954 na mwamba wa Ripon ukavunjwa, lakini tabia yake ikabaki kwenye mchoro unaojulikana kama Mstari wa Makubaliano.

Mchoro huo ni mtoto wa ukoloni, na bado ndio makubaliano yenye akili kuliko yote yaliyowahi kuandikwa juu ya Nile. Sababu ni kwamba unafuata maji. Mvua ikikata, mgawo unapungua, ikirudi, unaongezeka. Ziwa Viktoria lahitaji hivyo, maana takribani asilimia 80 ya maji yake si ya mito, bali ni mvua inayolidondokea lenyewe, na sehemu kama hiyo hurudi angani kwa uvukizi. Tofauti ndogo ya mvua hulitikisa ziwa zima.

Ulinganishe na mkataba wa 1959 kati ya Misri na Sudan. Huo uligawa namba zisizobadilika: mita za ujazo bilioni 84 kwa mwaka, 55.5 za Misri, 18.5 za Sudan, na 10 zikaachiwa jua. Yakaisha. Ethiopia, ambayo milima yake hutoa takribani asilimia 85 ya maji yanayofika Aswan huko Misri, haikutengewa hata ndoo. Wala nchi za maziwa makuu.

Tanganyika ilikataa mapema. Julai 1962, miezi michache baada ya uhuru, serikali yake iliziandikia Uingereza, Misri na Sudan kwamba makubaliano ya 1929 hayaifungi. Msimamo kwamba taifa huru halilazimiki kurithi mikataba ya mkoloni wanasheria huuita Nadharia ya Nyerere, na hufundishwa vyuoni hadi leo. Miaka 42 baadaye ukapata bomba: 2004 Tanzania ilianza mradi wa kuvuta maji kutoka Ihelele, mkoani Mwanza, hadi Kahama na Shinyanga. Misri ililalamika, kazi ikaendelea, na baadaye maji yakafikishwa Nzega, Igunga na Tabora. Kwa vyovyote, maji ya ziwa hili hupita kwanza kwenye vinamasi vya Sudd huko Sudan Kusini, ambako karibu nusu ya Nile Nyeupe hupotea kwa uvukizi. Ndoo ya Shinyanga haimnyimi mkulima wa Misri mavuno.

Ajabu ni kwamba Mstari wa Makubaliano ulivunjwa katika ukanda wa ziwa wenyewe. Mwaka 2000 Uganda ilifungua kituo cha pili, Kiira, kando ya Nalubaale. Ukame ukaja, mahitaji ya umeme yakapanda, na milango ikafunguliwa kupita mstari. Kati ya mwisho wa 2003 na 2006 ziwa lilishuka zaidi ya mita moja. Magati yakabaki juu ya matope, na mazalia ya samaki kwenye matete yakakauka. Mtaalamu wa maji Daniel Kull alipiga hesabu 2006 na kukadiria kwamba zaidi kidogo ya nusu ya upungufu ulitokana na maji kufunguliwa kupita kiasi, sio ukame. Setilaiti zilikuwa zikipima usawa wa ziwa kutoka angani tangu miaka ya 1990, kwa hiyo kushuka kwake hakukufichika. Nafuu ilikuja na bwawa la Bujagali, 2012, kilomita chache chini ya Nalubaale: maji yaleyale yakazalisha umeme mara ya pili.

Kisha kibao kikageuka. Mei 2020 ubao wa Jinja ulisoma zaidi ya mita 13.4, kilele ambacho hakikuwa kimefikiwa tangu 1964. Nyumba za ufukweni zikaingia maji katika nchi zote tatu za ziwa: Tanzania, Uganda na Kenya. Mwezi mmoja kabla, kisiwa cha magugu kinachoelea kilikuwa kimeziba mitambo ya Jinja na kuitia Uganda yote gizani.

Mkataba mpya wa Bonde la Nile, uliofunguliwa kwa saini Entebbe Mei 2010, ulianza kufanya kazi 13 Oktoba 2024 baada ya Ethiopia, Rwanda, Tanzania, Uganda, Burundi na Sudan Kusini kuuridhia. Misri na Sudan zimeukataa. Zinataka matumizi yao ya sasa yalindwe kwa maandishi. Kenya ilitia saini 2010, lakini siku mkataba unaanza ilikuwa bado haijauridhia. Bunge lake lina kazi hapo.

Lakini kuna hatua isiyohitaji kumsubiri yeyote. Tanzania, Uganda na Kenya tayari zina Kamisheni ya Bonde la Ziwa Viktoria yenye makao Kisumu. Itangaze kila siku namba mbili: ubao wa Jinja umesoma ngapi, na maji kiasi gani yamefunguliwa. Zisomwe redioni baada ya utabiri wa hali ya hewa, ili mvuvi wa Ukerewe na mwenye nyumba ya ufukweni Kisumu wajue siku hiyohiyo kama mstari umefuatwa.