Watoto Wakienda Shule kwa Baiskeli Kwa Pamoja: Yapi Tuwafundishe?

Asubuhi moja waliletwa zahanati wanafunzi wawili wa kidato cha kwanza, binti na mvulana. Hawakugongwa na gari. Walikuwa sita, wakifuatana kwa baiskeli kwenda shule. Wa mbele aliona mbuzi akikatiza barabara, akakamata breki bila kusema neno. Wa pili akawahi kumkwepa. Wa tatu, yule binti, gurudumu lake la mbele likagusa gurudumu la mwenzake, akaanguka, na wa nne akamwangukia. Binti alichanika kidevu, mvulana akavunjika mkono.

Mama wa binti alisema kila siku humwonya mwanawe kuhusu magari. Hakuwahi kumwambia lolote kuhusu kuendesha akiwa na wenzake. Wazazi wengi tuko hivyo, ndiyo maana nimeandika haya.

Kundi ni ulinzi, lakini lina hatari yake

Sekondari nyingi za kata ziko mbali na nyumbani, na baiskeli imewaokoa watoto wengi na utoro. Kwenda pamoja ni vizuri: dereva huwaona kwa urahisi, binti hayuko peke yake njiani, na pancha ikitokea kuna wa kusaidia.

Hatari ni kwamba mtoto aliye nyuma haioni barabara vizuri. Anachokiona ni mgongo wa mwenzake. Shimo, mbuzi au bodaboda inayoingia barabarani, vyote huviona akiwa ameshafika. Kwa hiyo usalama wake uko mikononi mwa aliye mbele, na aliye mbele ni lazima ajue hivyo.

Mambo sita ya kumfundisha mtoto

1. Fuataneni kwa mstari mmoja, upande wa kushoto. Kuendesha wawili wawili mkipiga stori humsukuma mmoja katikati ya barabara. Maongezi yasubiri mfike.

2. Acheni nafasi. Kati ya baiskeli na baiskeli iwepo nafasi ya kutosha baiskeli nyingine mbili. Kwenye mteremko, au mvua ikinyesha, ongezeni, kwa sababu breki zilizolowa hazishiki haraka. Gurudumu la mbele likigusa la mwenzako, unayeanguka ni wewe uliye nyuma.

3. Wa mbele aseme. "Shimo!" "Nasimama!" "Mbuzi!" Kila mmoja arudishe neno hilo kwa sauti hadi limfikie wa mwisho. Wa mwisho naye aseme "Gari!" akisikia gari nyuma. Asiyeweza kuendesha kwa mkono mmoja asilazimishwe kuonyesha ishara, sauti inatosha.

4. Mwendo uwe wa aliye dhaifu. Mkubwa mmoja akae mbele na mwingine nyuma kabisa. Mdogo au mwenye baiskeli mbovu akae nyuma tu ya kiongozi, ili kiongozi aujue mwendo wake. Mtoto aliyeachwa hukazana kuwafikia wenzake, na hapo ndipo huacha kutazama barabara.

5. Kuvuka barabara, kila mtu atumie macho yake. Wenzako kuvuka salama hakumaanishi kwamba nawe utavuka salama. Wote wasimame, washuke, wasubiri wa mwisho afike, watazame kulia, kushoto, kisha kulia tena, ndipo wavuke wakizisukuma baiskeli. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa halisimami papo hapo hata dereva akikanyaga breki kwa nguvu. Hupita mita zaidi ya 25 kwanza.

6. Lori au basi kubwa likija, tokeni barabarani. Upepo wake humyumbisha mtoto. Punguzeni mwendo, teremkeni kando mapema, simameni hadi lipite. Msisubiri kufika ukingoni ambako lami imekatika, kwani gurudumu likiteleza hapo mtoto huangukia barabarani.

Wafundishe pia adabu kwa watembea kwa miguu. Kengele ipigwe kwa mbali, si mgongoni mwa bibi aliyebeba ndoo. Kwenye mnada au sokoni, washuke wasukume.

Kabla hajatoka nyumbani

Mkague kwa dakika mbili: breki zote mbili zinashika? Magurudumu yana upepo? Akikaa kwenye siti, miguu inafika chini? Kamba za begi, ushungi na sketi ndefu vifungwe visinaswe na cheni. Kama amempakia mdogo wake kwenye keria, miguu ya mdogo ikae mbali na spoku. Nimeshona visigino vingi kwa sababu hiyo. Anayetoka alfajiri avae kitu cheupe au chenye kung'aa, na baiskeli iwe na taa.

Kofia ngumu ya baiskeli, ukiweza kuipata, hupunguza sana majeraha ya kichwa. Ikae sawa juu ya paji la uso, isirudi kisogoni, na mkanda ufungwe chini ya kidevu. Kofia iliyokwishapata ajali usimpe mtoto mwingine.

Akianguka, wenzake wafanye nini?

Kwanza waondoke barabarani na mmoja asimame kuwaonya wenye magari. Kama aliyeanguka anaumwa shingo au hawezi kusogeza miguu, wasimnyanyue. Waite mtu mzima.

Damu ikitoka, wakandamize jeraha kwa kitambaa safi kwa dakika 10 bila kufunuafunua. Mchubuko uoshwe kwa maji safi mengi na sabuni. Usipake majivu, mafuta ya taa wala dawa ya meno. Kisha mlete kituoni tuangalie kama anahitaji sindano ya pepopunda.

Mpeleke kituo cha afya au hospitali mara moja ukiona mojawapo ya haya, hata kama alionekana mzima mwanzoni:

- alipoteza fahamu, hata kwa muda mfupi
- anatapika mara kwa mara
- ana usingizi usio wa kawaida au anaongea asichokielewa
- anapata degedege
- damu au majimaji yanatoka puani au masikioni
- kichwa kinazidi kuuma
- tumbo linauma baada ya kupigwa na usukani

Hilo la mwisho wengi hulipuuza kwa kuwa nje hakuna jeraha. Usukani unaweza kuumiza bandama au ini, damu ikavujia ndani.

Watoto huficha ajali wakiogopa kuchapwa au kunyang'anywa baiskeli. Mwambie mapema kwamba akianguka, au mwenzake akianguka, aseme, na hatapigwa.

Anza jioni hii

Waite wale wanaokwenda pamoja, hata kama ni watoto wa jirani. Wapange uani: nani mbele, nani nyuma, nani karibu na kiongozi. Wazunguke mara tatu, na ukisema "Mbuzi!" wote wasimame bila kugusana. Watacheka sana, waache wacheke. Yule binti sasa ndiye anayeongoza kundi lao, na kila ninapokutana nao asubuhi namsikia kwanza kabla sijamwona.