Kazi ya Siri ya Maziwa

Mtoto mchanga hunyonya maziwa, akakua na kunenepa. Kwa hiyo watu wengi hudhani kwamba maziwa ni chakula tu. Lakini maziwa yana kazi nyingine isiyoonekana kwa macho, nayo ni kumsaidia mtoto kupigana na maradhi. Sikilizeni jinsi ilivyo.

Ndani ya maziwa mna vitu viitwavyo protini. Mojawapo ni kaseini, ile igandayo maziwa yanapochachuka. Protini ni mfano wa shanga nyingi zilizotungwa katika uzi mrefu. Maziwa yafikapo tumboni, maji makali ya tumbo huukata uzi huo vipande vipande. Vipande vifupi huitwa peptidi, na baadhi yake hufanya kazi ambayo uzi mzima hauifanyi.

Basi, mwilini mwetu mna askari wadogo sana. Mwaka 1882, huko Messina katika nchi ya Italia, Élie Metchnikoff alichoma mwiba katika mwili wa mtoto wa kiti cha pwani, akaona chembe hai zikiuzunguka ule mwiba. Akatambua ya kuwa ziko chembe zinazomeza adui za mwili. Wakubwa wa askari hao huitwa makrofaji.

Karibu miaka 100 baadaye, wataalamu wa Ufaransa waliikata kaseini ya maziwa ya mama, na mwaka 1984 wakaeleza habari za peptidi yenye shanga 6 tu. Makrofaji wa panya walipopewa peptidi hiyo, walizidi bidii ya kumeza. Na panya wenyewe wakakingika zaidi na bakteria waitwao Klebsiella.

Je, maziwa ni dawa ya kila ugonjwa? Hasha! Yaliyoonekana kwa panya si lazima yawe vivyo hivyo kwa watu, wala maziwa hayashiki mahali pa chanjo. Tena maziwa ya ng'ombe yasiyochemshwa huweza kuleta kifua kikuu. Yachemsheni; moto wa jikoni hauharibu sehemu kubwa ya chakula kilichomo.

Mahali pengine dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya mama, humwagwa kwa sababu ni mazito na ya manjano, yakadhaniwa kuwa machafu. Hiyo ni hasara kubwa, kwa maana ndiyo yenye kinga nyingi kupita yote yafuatayo. Akizaliwa ndugu yenu, waambieni wazee kwa adabu: dang'a ni haki ya mtoto, naye anyonyeshwe katika saa yake ya kwanza.