Presha, Msukumo au Kanieneo? Istilahi za Pampu ya Kisima cha Nyumbani

Mkazi wa Mwanza ambaye maji yake yanachuruzika tu bombani husema kwamba "maji hayana presha" au "maji hayana nguvu". Fundi akiitwa huyarudia maneno hayo hayo, na mfasiri wa kijitabu cha pampu naye huyaandika bila kuyachunguza. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba kauli hiyo moja hubeba dhana mbili zilizo mbalimbali, na kwamba kuzichanganya kwaweza kuunguza mota ya pampu.

1. Hali ya maneno yalivyo

Dhana tunayoizungumzia ina majina mengi. Vitabu vya sayansi hutumia kanieneo, neno lililoundwa kwa kuunganisha kani na eneo; nalo laeleza vyema maana yake, yaani kani inayolikabili kila eneo la kipimo kimoja. Watabiri wa hali ya hewa husema mgandamizo. Hospitalini kuna shinikizo la damu, ambalo wagonjwa wengi huliita presha. Matangazo ya mamlaka za maji aghalabu hutaja msukumo mdogo wa maji. Wingi huu si aibu kwa lugha, kwani kila fani imejichukulia neno lililoifaa. Taabu huanza pale neno moja linapotumiwa kwa vitu viwili ndani ya kazi moja.

2. Kanieneo si mtiririko

Kanieneo husomwa kwenye geji, mara nyingi kwa pauni kwa inchi ya mraba. Mtiririko ni kiasi cha maji kinachopita kwa muda fulani, mathalani lita kwa dakika. Chujio likiziba, geji iliyo karibu na pampu itaonyesha kanieneo ya kutosha ilhali bombani maji yanadondoka. Huo ni upungufu wa mtiririko. Anayesema "presha ni ndogo" atakimbilia kukaza nati za swichi, na hatapata kitu.

Katika mazingira ya Mwanza jambo hili lina uzito wa pekee. Sehemu kubwa ya mji imejengwa juu ya majabali, na maji ya visima vingi hutoka katika nyufa za miamba na katika tabaka la mwamba uliolika. Kisima chenye maji haba hakiongezewi maji kwa kukaza nati. Pampu ikitakiwa kufikia kanieneo isiyoiweza, haitazimika. Itazunguka mfululizo mpaka mota iungue.

Hata hivyo, yapo mahali ambapo kuongeza kanieneo ni haki kabisa. Tuchukue mfano wa nyumba iliyo kwenye mteremko kama ile ya Bugarika au Isamilo, ambayo bomba lake la juu liko mita 14 juu ya pampu. Pauni 1 kwa inchi ya mraba huinua maji kwa takriban mita 0.7. Kwa hiyo kanieneo ya pauni 20 hutumika yote katika kupandisha maji, wala haibakizi kitu bombani. Ikiwa 30, hubaki 10. Hapa kasoro ni ya kanieneo kwelikweli.

3. Viwango viwili vya swichi

Swichi ya kanieneo huiwasha pampu kanieneo inaposhuka hadi kiwango fulani, na huizima inapopanda hadi kiwango kingine. Swichi nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimepangwa 20 na 40, au 30 na 50. Viwango hivyo tuviiteje? Wapo wanaoandika "kiwango cha kuwashia" na "kiwango cha kuzimia". Jina la pili halifai, kwa kuwa kuzimia ni kupotewa na fahamu. Tunaona ni bora kusema kiwango cha kuanzia na kiwango cha kukomea.

Agizo la "rekebisha presha" nalo halitoshi. Katika swichi nyingi zenye springi mbili, kukaza nati kubwa huinua viwango vyote viwili kwa pamoja. Kukaza nati ndogo huinua kiwango cha kukomea peke yake, na hivyo kupanua tofauti baina yao. Mfasiri hana budi kutenganisha kuinua viwango na kupanua tofauti, na kutanguliza onyo kwamba umeme ukatwe kabla swichi haijafunguliwa.

4. Hewa ya tangi

Ndani ya tangi la kanieneo, hewa na maji hutenganishwa na mpira. Hewa inayojazwa kabla maji hayajaingia twapendekeza iitwe hewa tangulizi. Kwa kawaida kanieneo yake huwekwa pauni 2 chini ya kiwango cha kuanzia, nayo hupimwa pampu ikiwa imezimwa na tangi halina maji. Kwa hiyo anayeinua kiwango cha kuanzia kutoka 20 hadi 30 yampasa kuinua hewa tangulizi kutoka 18 hadi 28. Kijitabu kinachosema tu "presha ya tangi iwe 28" hakimwelezi fundi kama ni ya hewa au ya maji, wala kama tangi liwe tupu au limejaa. Hewa ikipungua mno, pampu itawaka na kuzima kila mara, na maisha yake yatakuwa mafupi.

5. Mapendekezo

Kwa muhtasari, twapendekeza matumizi haya:

Kanieneo: kani kwa kila eneo la kipimo kimoja, isomwayo kwenye geji.
Mtiririko: kiasi cha maji kinachopita kwa muda maalumu.
Kiwango cha kuanzia: kanieneo ambapo pampu huwaka.
Kiwango cha kukomea: kanieneo ambapo pampu huzima.
Tofauti: nafasi iliyopo baina ya viwango hivyo viwili.
Hewa tangulizi: hewa ya tangi kabla ya maji.

Hatusemi kwamba neno presha lifukuzwe. Limekwisha kukaa vinywani mwa mafundi, na mwalimu atafanya vyema kuanza nalo darasani na kulifafanua kuwa ni kanieneo. Linalotakiwa ni kwamba lisitumike kamwe badala ya mtiririko. Neno "nguvu ya maji", kwa upande wake, liachiwe mazungumzo. Katika maandishi ya kazi halina kipimo, na kisicho na kipimo hakirekebishiki.