Mfumo wa Kompyuta na Faili la Kupeleka Kiwandani
Mtumiaji anayenunua kompyuta ya kuandalia vitabu au kadi asishawishike kuwa mfumo endeshi mmoja tu ndio hutoa kazi safi. Adobe InDesign hutumika kwenye Windows na macOS, si Linux. Scribus, inayopatikana bure, hutumika kwenye yote mitatu. Kinachoamua ubora ni faili la PDF lenyewe: fonti zote ziwe zimepachikwa ndani yake, rangi ziwe za wino nne (CMYK), na picha zinazofika ukingoni zivuke mstari wa kukatia, aghalabu kwa milimita 3. Kabla ya kulipa, pata masharti ya mchapaji kwa maandishi, kisha kagua prufu. Ukishaiidhinisha, ni vigumu kudai fidia ya kosa lililokuwamo.