Filamu ya kwenye simu ina mtazamaji, bando ndilo linalomkimbiza

Wauza filamu wa Kariakoo, Manzese na Mbagala humuuliza mteja swali moja kabla hawajashika kipanya: unaweka kwenye flashi au kwenye memori? Flashi inakwenda kuchomekwa nyuma ya televisheni. Memori inarudi ndani ya simu. Anayetaka kujua kama watu wanapenda kweli kutazama video kwenye kioo cha kiganjani aanze na hesabu ya hawa, si na ripoti za maofisini.

Mfanyabiashara mmoja mwenye laibrari ya filamu upande wa Mbagala, aliyeomba asitajwe jina, anasema zamani memori ndiyo iliyokuwa ikimlisha. Siku hizi wanaoleta memori ni wale ambao hawajapata televisheni: wapangaji wa chumba kimoja, walinzi wa usiku, wadada wa kazi, vijana wa bodaboda wanaosubiri abiria, wanachuo wa hosteli. Mtu akishanunua televisheni, hata ya mtumba, anarudi na flashi na hageuki nyuma. Kompyuta ya laibrari yake imepangwa kwa makundi: Zilizotafsiriwa, Kikorea, Kihindi, Bongo, Katuni, Mieleka. Zamani kila filamu ilikuwa na nakala mbili, kubwa ya karibu GB 1 kwa ajili ya televisheni na ndogo ya MB 200 hivi kwa ajili ya simu. Hizo ndogo alikuwa akizibana usiku kucha, kompyuta ikinguruma mpaka asubuhi. Ameacha. Anayeulizia nakala ndogo siku hizi ni wa kuhesabika, na hata mwenye simu anataka ile kubwa, ili siku akipata mahali pa kuichomeka aitazame vizuri.

Ana maslahi yake katika hoja hiyo, lakini historia iko upande wake.

Mwaka 2005, kifaa maarufu cha muziki cha mfukoni kutoka Marekani kilipoongezewa video, kioo chake kilikuwa cha inchi 2.5. Wengi walijiuliza nani atakaa saa mbili akikodolea macho kitu cha ukubwa huo. Huku kwetu jibu lilikuja na simu za Kichina za laini mbili zilizojaa mitaani kuelekea 2010, zenye antena ya kuvuta pembeni. Zilikamata televisheni ya analojia bila king'amuzi na bila malipo ya mwezi. Picha ilikuwa na chenga, na ilibidi mtu asimame upande fulani wa nyumba ili sauti isikatike. Zilitazamwa hivyo hivyo, vijiweni na sokoni, watu watano wakiinamia kioo kimoja kufuatilia mpira au taarifa ya habari. Mitambo ya analojia ilipozimwa Dar es Salaam Desemba 31, 2012, antena zile zikabaki pambo. Hakuna aliyeleta mbadala kwa bei ile ile, maana bei yenyewe ilikuwa sifuri.

Nje mambo hayakuwa tofauti sana. Japani ilianza kurusha matangazo ya televisheni kwa ajili ya simu mwaka 2006, bure, na yakashika. Marekani huduma ya kulipia ya namna hiyo ilizimwa Machi 2011. Miaka tisa baadaye, huko huko Marekani, wawekezaji waliweka dola bilioni 1.75 kwenye huduma ya vipindi vifupi vilivyotengenezwa kwa ajili ya simu. Ilifunguliwa Aprili 2020, na kabla mwaka haujaisha ilikuwa imefungwa. Vioo wakati huo vilishafika inchi sita na zaidi, kwa hiyo udogo wa kioo peke yake haukuwa sababu.

Ofisa mmoja wa sekta ya mawasiliano hana shaka na soko hili. Kwake ushahidi ni namba: laini za simu zilizo hai nchini zimevuka milioni 80, na anasema matumizi ya data yanapanda kila robo mwaka, video ikiwa ndiyo inayokula zaidi. Laini zipo, hilo halina ubishi. Lakini sensa ya 2022 ilihesabu Watanzania milioni 61.7, pamoja na watoto wanaonyonya. Laini milioni 80 si watazamaji milioni 80. Kuna mtu mmoja mwenye laini tatu, kila moja ameinunua kwa sababu ya bando la bei nafuu la kipindi fulani, na kuna mamilioni ya laini zilizo ndani ya viswaswadu ambavyo vinapiga, vinapokea na kutuma pesa, basi. Ofisa huyo alipoulizwa ni laini ngapi kati ya hizo zimewahi kutumika kutazama filamu moja mwanzo hadi mwisho, alirudi kwenye milioni 80.

Tatizo la namba ya namna hii ni kwamba watu wanaifanyia maamuzi. Watayarishaji wa filamu wanaambiwa soko liko kiganjani, wanahamishia kazi zao mtandaoni, halafu wanakuta mtazamaji amekuja, ametazama dakika nne na kuondoka.

Sababu haijifichi. Filamu ya saa moja na nusu katika ubora wa wastani inakula karibu MB 700. Bei elekezi zilizotangazwa 2021 ziliweka MB moja kati ya shilingi 2.03 na shilingi 9.35. Kwa bei ya chini kabisa, filamu hiyo inamgharimu mtazamaji zaidi ya shilingi 1,400, na kwa bei ya juu inapita shilingi 6,500, kabla hajamlipa aliyeitengeneza hata senti. Laibrari ya Mbagala inamjazia filamu hiyo hiyo kwa shilingi 500, na anaweza kuirudia mara kumi. Wanaosema Mtanzania hapendi kulipia kazi za sanaa waipige hesabu hii kwanza. Analipa. Anachokataa ni kulipa huku salio linapungua kila anapotazama. Bei mpya za bando zilipoanza kutumika Aprili mwaka huo huo, kelele zilikuwa kubwa kiasi kwamba zilisitishwa upesi, na sidhani kama kuna bidhaa nyingine ambayo upandaji wake wa bei umerudishwa nyuma kwa kasi ile.

Malalamiko makubwa ya mwenye laibrari, hata hivyo, hayahusu bando. Yanahusu makaratasi. Anasema analipa leseni ya biashara, analipa kodi ya fremu ya miezi sita kwa mkupuo, analipa umeme, na bado kila baada ya muda anatokea mtu mwenye kitambulisho cha ofisi nyingine akidai kibali ambacho wa kwanza hakukitaja. Enzi za DVD alinunua kazi zenye stempu za kodi, zile zilizoanza kutumika 2013, akaamini amemaliza. Sasa bidhaa yake ni faili, na faili halina pa kubandika stempu. Aliuliza afanye nini ili afanye biashara hii kihalali, alipe mara moja na aachwe. Anasema aliambiwa asubiri utaratibu, na mpaka sasa bado anasubiri.

Wenye filamu nao wana la kusema. Sheria ya Hakimiliki ya 1999 ipo, na sehemu kubwa ya kilichomo kwenye kompyuta ile kimewekwa bila ruhusa ya mwenyewe. Mkorea hajui kwamba tamthilia yake inaongea Kiswahili cha uswahilini, na mtayarishaji wa Bongo anajua lakini hana la kufanya. Mfanyabiashara halikatai hilo. Anachosema ni kwamba yuko tayari kulipa mgawo kwa kila filamu, ila hajaona dirisha la kulipia. Viongozi wamekuwa wakisema vita dhidi ya uharamia inaendelea vizuri. Kwa mtu anayepita Kariakoo mchana, ni vigumu kuona inaendelea wapi.

Anayemuumiza zaidi, kwa maneno yake, ni mteja mwenyewe. Mmoja analipa shilingi 500, kisha jioni anawarushia wenzake kumi kwa programu za kutumiana mafaili, bila MB wala waya. Hapo simu imekuwa chombo cha usambazaji kuliko chombo cha kutazamia, na hesabu ya mitandao hailioni faili hilo hata kidogo.

Vibanda umiza vinatoa ushahidi wa aina nyingine. Watani wa jadi wa Kariakoo wakikutana, vijana wenye simu janja mfukoni wanatoa pesa kuingia kwenye banda la mabati lenye joto, wakae kwenye mabenchi mbele ya kioo kikubwa. Mwenye banda mmoja wa Buguruni anasema simu zinatoka mfukoni bao likishafungwa, ili mtu arekodi kelele za wenzake na kuziweka mtandaoni. Mpira ni wa kutazamwa na watu. Hilo hakuna bando litakaloliondoa.

Kinachotazamwa kwa data hasa ni kifupi: vichekesho vya dakika mbili, magoli, vipande vya mahubiri, ugomvi wa wasanii. Mtayarishaji mmoja wa tamthilia za mtandaoni anasema amebadili hata namna ya kupiga picha. Sura anazivuta karibu, kwa sababu mtu aliyesimama mbali haonekani kwenye simu. Matukio ya usiku ameyapunguza, kwa kuwa mtazamaji wake yuko juani kwenye kijiwe na kioo kinakuwa cheusi. Vipindi vyake havizidi dakika 15. Lakini anapotazama malipo ya matangazo, mtazamaji wa Muscat, London au Minnesota mwenye waifai nyumbani anamwingizia kuliko watazamaji kadhaa wa Temeke, kwa sababu watangazaji wanalipa zaidi kwa nchi hizo. Amejikuta akiwatengenezea walioko mbali hadithi za walioko karibu. Hilo linanisumbua kuliko suala zima la ukubwa wa kioo, maana mtazamaji wa Temeke ndiye aliyeijenga tasnia hii kwa kununua kanda na DVD.

Kuna nyakati simu inashinda bila ubishi. Mgawo wa umeme wa mwishoni mwa 2023 hadi mwanzoni mwa 2024 ulizima televisheni na kuacha simu zenye chaji, na laibrari kadhaa zinakiri memori zilirudi kwa wingi. Safari ndefu za basi ni nyingine: anayetoka stendi ya Mbezi kwenda Mwanza ana zaidi ya kilomita 1,100 mbele yake, na wengi hujaza sizoni nzima usiku wa kuamkia safari. Simu za mkopo wa kulipa kila siku nazo zimewapa kioo kizuri watu ambao wasingekipata kwa pesa taslimu, ingawa siku malipo yakichelewa simu inajifunga pamoja na filamu zilizomo.

Je, biashara inakwenda wapi? Wauza simu wanasema juu, na wao ndio wanaouza simu. Wenye laibrari wanasema chini, kwa upande wa memori. Bei ya MB ikishuka sana, laibrari nyingi hazitafika mbali. Isiposhuka, watu wataendelea kujaziwa na kurushiana, na takwimu za data zitaendelea kupanda kwa vichekesho na magoli huku filamu nzima ikikosa mlipaji. Dalili ya kufuatilia kwa sasa ni bando za usiku, ambazo kwa baadhi ya watu zimeanza kufanya kazi ya laibrari: wanapakua watu wamelala, wanatazama mchana bila kuhofia salio. Mtayarishaji wa tamthilia ameliona hilo, na sasa hivi kila kipindi kipya anakipandisha saa sita usiku.