Damu na kifaa kigeni: kwa nini operesheni si mwisho wa dawa

Katika makanisa yetu wamo ndugu wanaoishi na kifaa kilichowekwa mwilini, kama vali ya chuma ndani ya moyo. Wengi wanatuuliza: ikiwa operesheni ilifaulu, vidonge vya nini tena? Tueleze kwa kifupi.

Damu imeumbwa kuganda penye jeraha. Ikigusa plastiki au chuma, inafanya vilevile. Protini za damu hujishikiza pale mara moja, chembe ndogo za kugandisha hufuata, na donge linaanza. Donge likisafiri mpaka kwenye ubongo, mtu anaweza kupooza au kufa.

Basi, mbona damu haigandi ndani ya mishipa yetu wenyewe? Utando wa ndani ya mshipa hutoa gesi iitwayo oksidi ya nitriki. Gesi hiyo hulegeza mshipa na kuzuia chembe zile zisishikamane. Haidumu ila sekunde chache, kwa hiyo mshipa huitoa bila kuacha. Kwa ugunduzi juu ya gesi hiyo, Wamarekani Robert Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1998.

Watafiti, kama Mark Meyerhoff wa Chuo Kikuu cha Michigan, wakajiuliza: je, plastiki nayo inaweza kufanya kazi ya mshipa? Wanatia ndani yake kemikali inayoachia gesi hiyo polepole. Katika majaribio kwa wanyama, madonge yalipungua. Tena gesi hiyo huua bakteria, na hiyo ni faida kubwa kwa mipira inayoingizwa ndani ya mishipa au ya kutolea mkojo.

Ugumu ni huu: akiba ya kemikali ikiisha, ulinzi nao unaisha. Kwa mpira wa siku chache inaweza kutosha. Vali hukaa miaka mingi. Ndiyo sababu wengine wanajaribu shaba, ambayo hutoa gesi hiyo kutoka kwa kemikali zilizomo tayari katika damu.

Kazi hiyo bado haijamwondolea mwenye vali ya chuma vidonge vyake. Anavimeza maisha yote na kupimwa damu, kwani vikipungua damu inaganda, vikizidi inavuja. Kwa hiyo tunawasihi: mtu asimwambie ndugu yake aviache kwa kuwa ameombewa au anajisikia vizuri. Tumwombee, tena tumchangie nauli ya kwenda kupimwa.