Vijiwe vya Figo na Maji ya Kambini



Katika gazeti letu hili tumezoea kuandikiana khabari za bei ya karafuu, za majamvi, za makonyo na za miche, na huenda khabari ya maradhi ya figo ikaonekana si mahali pake. Lakini tangu ijulikane kuwa katibu wenu aliugua vijiwe, haipiti wiki illa wanachama wawili watatu hutujia ofisini, wakafunga mlango kwanza, kisha wakauliza kwa sauti ya chini: "Bwana Katibu, hebu nambie, yalianzaje? Maana na mimi nina kitu ubavuni." Kwa kuwa wanaouliza ni wengi, tumeona bora tuwajibu wote kwa pamoja.

Figo, ambazo wazee wetu wakiziita nso, ni mbili, nazo zimekaa nyuma ya matumbo, karibu na mbavu za chini za mgongoni. Kazi yake ni kuchuja. Kwa siku moja huchuja kiasi cha lita 180 za maji yatokayo katika damu, na karibu yote huyarudisha mwilini, ikabaki lita moja au mbili tu ya kutoka kuwa mkojo. Ndani ya mkojo huo mna chumvi za namna nyingi. Maji yakiwa mengi chumvi hizo hubaki zimeyeyuka; yakipungua hugandana, kama tuonavyo katika mashamba ya chumvi pale maji ya bahari yanapokauka juani. Punje ikishikana na punje, ndiyo kijiwe. Si jambo la kutupiwa na mtu, wala si vile vijiwe vya mchele, kama tulivyosikia wengine wakisema. Kijiwe cha mchele ukikimeza hutoka kwa njia ya choo kikubwa. Hakina njia ya kufika figoni.

Ama maumivu yake, hayo tunaweza kuyaeleza. Yalitushika mwezi wa Septemba mwaka 2023, saa kumi ya alasiri, daftari i mkononi na wachumaji wamepanga foleni kupimiwa pishi zao. Yalianza kwa mbali, mgongoni upande wa kushoto. Nusu saa haijesha yakawa yameshuka ubavuni mpaka kinenani, tena yakija kwa mawimbi: hupanda, hufika pahala mtu akasema sasa basi, kisha hulegea, na kabla hujapangusa jasho yamekwisha rudi. Tulilala juu ya jamvi, tukainuka. Tukaegemea mti, tukakaa. Tukazunguka sakafu ya kuanikia kama kuku anayetafuta pahala pa kutaga. Na hii ndiyo alama yake khasa. Mwenye maumivu mengine ya tumbo hutaka kulala kimya asiguswe, lakini mwenye kijiwe hana mkao. Kisha tukatapika, na mkojo ukatoka mwekundu.

Mzee mmoja wa kambini, mtu mwema sana, akasema: "Hiyo ngiri, mwanangu. Ngoja uchemshiwe mizizi." Mwengine akasema ni mchango. Hatuwalaumu, maana jina la ngiri kwetu sisi limekuwa kama pakacha, kila maumivu ya chini ya kitovu hutiwa humo. Lakini neno hilo lina khatari yake. Mtu akisha ambiwa ana ngiri hutulia nayo miaka, hunywa dawa ikitulia husema imepona, kumbe kijiwe kimeziba njia na figo inafura kidogo kidogo mpaka inakufa, na mwenyewe hana khabari.

Pahala pa kwanza tulipofikishwa tulipewa dawa ya minyoo. Hatupataji. Usiku ule ule jamaa wakatupeleka hospitali kubwa, tukachomwa sindano ya kutuliza, mkojo ukapimwa ukaonekana una damu, na asubuhi tukapigwa picha ya altrasaundi. Daktari akatwambia: "Kijiwe chako kina milimita 4. Kimetoka figoni, sasa kimo katika mrija unaoshuka kibofuni." Mrija huo una urefu wa sentimita 25 mpaka 30, na upana wake ni milimita 3 au 4 tu. Hebu fikirini: kitu kama kile kichwa cha mviringo cha karafuu kavu, tena chenye ncha, kinapita katika njia ambayo haikutengenezwa kwa ajili yake. Maumivu ni ule mrija unavyojikaza kukisukuma.

Vijiwe vilivyo chini ya milimita 5 vingi hutoka vyenyewe, kwa maji, kwa dawa ya kutuliza maumivu na kwa subira. Vikipita milimita 10 ni nadra kutoka bila ya kusaidiwa. Chetu kilitoka siku ya tisa. Tulikuwa tukikojoa katika chombo na kuchuja kwa kitambaa, kwani daktari alitaka akione. Kilipopimwa kikawa ni cha kalsiamu na oksaleti, aina iliyo nyingi kuliko zote. Visivyotoka, siku hizi vina njia zake: daktari hupitisha chombo chembamba kwa njia ya mkojo akakivunja humo humo, au hupigwa kwa mawimbi kutoka nje ya mwili bila ya kisu, kazi iliyofanywa kwa mtu mara ya kwanza mjini Munich, Ujerumani, mwaka 1980. Na maradhi yenyewe si mageni. Abubakar al-Razi, yule tabibu mkubwa wa Kiajemi aliyefariki kiasi cha mwaka 925, aliandika risala nzima juu ya vijiwe vya figo na vya kibofu.

Kuna hali ambayo haingoji kuche. Maumivu ya ubavuni yakifuatana na homa na kutetemeka, au mkojo ukikatika kabisa, au mtu akawa hana illa figo moja, mgonjwa achukuliwe hospitali saa ile ile, hata kama karafuu zimo juani na mvua yanyesha. Njia iliyoziba pamoja na homa huua mtu kwa muda mchache.

Sasa tuje kambini, maana kuandika kwetu kote ni kwa ajili ya hapo. Msimu wa karafuu ni kama umetengenezwa makusudi kwa vijiwe. Mchumaji hupanda mtini asubuhi na kutoa jasho mchana kutwa. Hulipwa kwa pishi, basi kila anaposhuka kunywa maji anahisabu hasara. Wanawake, ambao ndio wengi katika kuchuma matawi ya chini na katika kuchambua, wengine huacha kunywa makusudi, kwa kuwa katika mashamba mengi hapana choo wala kichaka cha sitara. Na hili hawatamwambia mwenye shamba, wataambiana wenyewe kwa wenyewe. Tunalisema sisi kwa kuwa tumelisikia. Kisha jioni huliwa muhogo na papa mkavu au ng'onda, na chumvi ikizidi katika chakula, kalsiamu huzidi katika mkojo.

Mtu afanyaye kazi juani anahitaji lita tatu za maji kwa siku, na pengine zaidi. Madaktari humtaka aliyekwisha pata kijiwe akojoe kiasi cha lita mbili na nusu, kwani hukadiriwa kuwa karibu nusu ya waliopata mara moja hurudiwa ndani ya miaka 10. Kipimo cha shamba ni rangi: mkojo ukiwa mweupe au wa manjano hafifu, vizuri, ukiwa kama chai ya rangi, maji hayatoshi. Maji yachemshwe. Ukikamulia ndimu ni kheri zaidi, maana ukali wake una kitu kinachozuia chumvi zisigandane. Papa aroweshwe na maji yamwagwe. Maziwa msiyakimbie kwa kusikia kuwa kijiwe kina kalsiamu. Kalsiamu ya chakulani huishika oksaleti tumboni isifike figoni. Mchicha na korosho zina oksaleti nyingi, basi mwenye historia ya vijiwe azile kwa kiasi. Mwezi wa Ramadhani maji yagawanywe tangu futari mpaka daku, na mwenye kijiwe amuulize daktari wake kabla ya mwezi kuandama.

Wapo waliotuuliza kama maji ya karafuu huyeyusha kijiwe. Tungependa sana kusema ndiyo, maana bei ingepanda! Lakini mafuta ya karafuu hutuliza jino, na hiyo ni sifa yake ya haki. Kijiwe cha kalsiamu hakiyeyushwi nayo wala na kinywaji chochote. Vipo vijiwe vya namna nyengine, vya asidi ya yuriki, ambavyo huweza kuyeyuka kwa dawa ya hospitali, na kwa hiyo kupima ni lazima. Wala msizoee vidonge vya maumivu vya dukani siku nenda siku rudi, kwani baadhi yake huziumiza figo hizo hizo.

Kamati imekubali mambo mawili kwa msimu ujao. Kwanza, mwenye shamba atakayeomba mkopo wa majamvi na magunia ataulizwa kama kambi yake ina choo chenye sitara, na bila ya choo ombi litangoja. Pili, Chama kimenunua madumu ya lita 20 yenye bilula, nayo yapo ghalani. Kila kambi itapewa mawili, na mwanachama aje na kadi yake atie sahihi. Yarudishwe msimu ukiisha, yakiwa safi. Dumu lililotiwa mafuta ya taa halitapokewa, na aliyelitia atalilipa.